Penseli ya Kijani

Alhamisi, saa tisa, chini ya ngazi za maktaba,
katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio
na bado kikinuka dawa ya sakafu,
Profesa Mbuke Shilinde alitusubiri
sisi wa sapu.

Mlangoni hapakuwa na kibao.
"Nikiandika Msaada wa Masomo," alisema,
"nani ataingia mchana kweupe?"
Basi tulikwenda kama waendao kwa mganga,
shingo nyuma,
na tukikutana kizingitini tulisingizia mvua,
hata Agosti, Malimbe yote ikiwa vumbi.

Mimi nilikuwa na kumi na tisa, Sheria ya Mikataba.
Kumi na tisa kwa mia.
Nilitoka Ukara na kipaji cha kukariri:
vifungu nilivighani, kesi nilizipanga kwa miaka,
ila swali likija limevaa nguo za nyumbani
sikulitambua.

Hakufungua kitabu.
Alivuta chini ya meza sado,
kopo la rangi la kupimia dagaa pale Mwaloni,
akalitua juu ya majarida yake.
"Mama yako kasema elfu kumi, mteja kasema nane.
Nani ametoa pendekezo?"
Nikajibu.
"Mteja kaondoka, karudi na kumi yake, dagaa kachukua mwingine.
Anamdai mama yako nini?"
Nikajibu.
"Na kitako cha kopo kikiwa kimebonyezwa makusudi?"
Hapo nilinyamaza,
maana kopo la namna hiyo nililifahamu,
na nilikifahamu kidole gumba kilicholibonyeza,
kidole hichohicho kilichohesabu ada yangu.
Hakunihimiza. Alimenya chungwa,
akanipa nusu.

Wino mwekundu hakuwa nao.
Alikuwa na penseli ya kijani, fupi mpaka inaumiza vidole,
na pembeni mwa insha zetu aliandika neno lake:
Kwa nini?
Mshtakiwa anawajibika. Kwa nini?
Mkataba ni batili. Kwa nini?
Kama ilivyoelezwa hapo juu. Wapi? Na kwa nini?
Wiki ya nne nilimchukia.
Wiki ya tisa, usiku bwenini, umeme umekatika,
nilijikuta namuuliza kwa nini mwenzangu
aliyesema tu kwamba ana njaa.

Wenzake walipanda. Walichapisha, walisafiri,
majina yao yakaota vyeo mbele na nyuma.
Yeye uprofesa ulimfikia amebakiza miaka mitatu,
kama barua iliyozungushwa Bukoba, ikapelekwa Musoma,
ikaja imechoka bahasha.
"Alhamisi zake zingekuwa vitabu vitatu,"
alisema mkuu wa kitivo siku ya kumuaga,
akidhani anasifu.

Zamu yake ilipofika hakututaja sisi,
ingawa tulijaa safu mbili na suti zetu.
Alitoa mkobani karatasi ya mtihani iliyopauka,
ya Bwire Maregesi, aliyedisko mwaka wetu,
ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amemkumbuka.
"Huyu alibisha hodi siku ya Ijumaa," alisema.
"Nilikuwa nasahihisha. Nikamwambia, njoo Alhamisi."
Akaikunja palepale ilipozoea kukunjika,
akaketi.
Makofi hayakujua yaanzie wapi.

Mimi ni hakimu sasa.
Dirisha langu linaona kipande cha ziwa na mawe mawili,
na jana nimemaliza hukumu ya mwenye mtumbwi na mwenye injini,
kurasa sita, lugha imenyooka, mchapaji kaisifu.
Asubuhi hii nimeisoma kwa sauti,
nikakwama ukurasa wa nne,
mstari wa tatu kutoka chini,
pale nilipoandika: ni dhahiri kwamba.

Wadaawa wako kwenye benchi tangu saa mbili.
Mmoja amekuja na mtoto, kalala mapajani.
Karani amechungulia mara mbili.
Natafuta penseli, rangi yoyote.
Leo ni Ijumaa.
Siwezi kuwaambia warudi.